Tutaijuaje Huduma Njema kwa Wagonjwa Walio Kufani? Mwongozo kwa Familia na Jumuiya



Ndugu waamini, miaka michache iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikitumika, mzee mmoja aliugua saratani ya tezi dume iliyokuwa imekwisha kuenea mifupani. Kikundi kimoja kilichojitambulisha kuwa kinawahudumia wagonjwa walio kufani kilimtembelea kila juma. Walimletea sukari, sabuni na mashuka, walisali naye, walipiga naye picha. Nami niliwasifu mbele ya waamini siku ya Dominika. Siku nilipokwenda kumpa Mpako wa Wagonjwa, nilimkuta mzee yule akiuma pindo la shuka, asije akapiga kelele mbele ya wajukuu zake. Mkewe aliniambia kwamba kila usiku ndivyo ilivyokuwa, na kwamba dawa pekee waliyokuwa nayo nyumbani ni panadoli. Nilipowauliza wahudumu wale juu ya dawa kali zaidi, walinijibu kwamba wao hawashughuliki na dawa. Hawakuwa wamemdanganya mtu. Hakuna aliyekuwa amewauliza, na mimi paroko nilikuwa wa kwanza miongoni mwa wasiouliza.

Makala hii imeandikwa ili familia nyingine zisipitie njia hiyo. Ndugu yetu anapoambiwa kwamba ugonjwa wake hauponi, twaweza kupata hospitali, kituo au kikundi kinachosema kwamba kitamhudumia. Twatakiwa kujua huduma hiyo ni nini, na tuulize maswali gani kabla ya kuiamini na wakati inapotolewa.

Tiba shufaa ni nini

Tiba shufaa ni huduma kwa mgonjwa mwenye maradhi yanayotishia uhai wake, pamoja na familia yake. Hutuliza maumivu na dalili nyingine za mwili, na hushughulikia pia mahangaiko ya moyo, matatizo ya kijamii na mahitaji ya roho. Hailengi kuharakisha kifo wala kukichelewesha. Tena si ya siku za mwisho pekee: yapasa kuanza mapema, hata mgonjwa akiwa bado anapata matibabu ya ugonjwa wenyewe. Hospisi ni sehemu ya huduma hiyo, nayo huelekezwa hasa kwa wale waliokaribia mwisho wa safari yao ya hapa duniani. Jina hilo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya mapokezi ya mgeni.

Mwanzilishi wa hospisi za nyakati zetu ni Cicely Saunders wa Uingereza, aliyekuwa muuguzi, kisha mhudumu wa ustawi wa jamii, na hatimaye daktari. Mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's mjini London. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni jambo moja lenye sura nne: mwili, nafsi, jamii na roho, anayetibu sura moja na kuzisahau nyingine hajatibu maumivu. Katika Afrika Mashariki, Hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990, na ile ya Uganda mwaka 1993 kwa juhudi za daktari Anne Merriman, aliyehimiza matumizi ya mofini ya maji, dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa aweza kuinywa akiwa nyumbani kwake. Hapa Tanzania huduma hii imejulikana kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road, hospitali za Selian mkoani Arusha na Muheza mkoani Tanga, na PASADA ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam, pamoja na wengine.

Mafundisho ya Kanisa

Wapo waamini wanaodhani kwamba kumtuliza mgonjwa maumivu ni kumnyima nafasi ya kushiriki Msalaba wa Kristo. Mama Kanisa hafundishi hivyo. Mtu aweza kwa hiari yake kuyatolea mateso yake kwa Mungu; hakuna mwenye haki ya kumtwisha mwenzake mateso yanayoweza kuondolewa. Papa Pius XII, alipozungumza na madaktari tarehe 24 Februari 1957, alieleza kwamba ni halali kutumia dawa za kutuliza maumivu hata kama zinapunguza fahamu na huenda zikafupisha maisha, iwapo hakuna njia nyingine, na iwapo mgonjwa hazuiwi kutimiza wajibu wake wa kidini na kimaadili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2279, yaitaja tiba shufaa kuwa namna ya pekee ya upendo usiojitafutia faida, na kwa hiyo yataka ihimizwe. Barua Samaritanus Bonus ya mwaka 2020, kutoka Idara ya Mafundisho ya Imani, yarudia jambo hilo na kukataa eutanasia kwa namna zake zote.

Katekisimu hiyohiyo, namba 2278, yafundisha kwamba si lazima kuendelea na matibabu mazito yasiyolingana na matokeo yanayotarajiwa. Kuyaacha hayo si kumwua mgonjwa, bali ni kukubali kwamba kifo hakizuiliki. Chakula, maji kadiri mwili unavyoweza kuyapokea, usafi na faraja havikomi kamwe.

Maswali ya kuuliza

*La kwanza: Je, maumivu yanapimwa na kutulizwa?* Hili ndilo swali kuu. Mhudumu mwema humwuliza mgonjwa mwenyewe, wala hakadirii kwa kumtazama. Njia mojawapo inayotumika Afrika ni ya mkono: ngumi iliyofumbwa humaanisha hakuna maumivu, na vidole vitano maumivu yasiyovumilika. Jibu huandikwa, dawa hutolewa, na baadaye swali huulizwa tena ili kuona kama vidole vimepungua. Mahali ambapo hakuna anayeandika, hakuna anayejua kama mgonjwa anapata nafuu.

Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 1986 ngazi ya tiba ya maumivu ya saratani: kuanzia dawa kama panadoli, kwenda dawa za kati, hadi mofini kwa maumivu makali. Kwa hiyo ulizeni: Je, mnayo mofini? Kama hamnayo, mgonjwa wetu ataipata wapi, na nani atamwandikia? Mofini ya maji hutolewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi. Mara nyingi hufunga choo, hivyo mhudumu anayeijua kazi yake hutoa pia dawa ya kulainisha choo, na huieleza familia kwamba kichefuchefu na usingizi wa siku za kwanza kwa kawaida hupungua. Ikitumiwa kwa kipimo sahihi haimwui mgonjwa, na ni nadra mwenye maumivu ya kweli kugeuka mraibu. Familia isiisimamishe ghafla bila ushauri.

*La pili: Nani atakuja usiku?* Maumivu, kubanwa pumzi na hofu huzidi usiku, wakati ofisi zimefungwa. Si kila kituo kina gari wala muuguzi wa zamu, na tusikihukumu kituo kwa umaskini wake. Lakini kila kituo chaweza kuacha nyumbani dawa ya akiba iliyopangwa na daktari, maelezo yaliyoandikwa kwa lugha rahisi, na namba ya simu ya mtu atakayeipokea. Ipigeni namba hiyo usiku mmoja kabla ya siku ya dharura.

*La tatu: Je, mgonjwa anaambiwa ukweli?* Katika familia zetu mara nyingi ndugu humwomba daktari asimwambie mgonjwa. Nia ni njema, lakini mgonjwa hubaki peke yake na siri ambayo tayari anaihisi mwilini. Hukosa nafasi ya kupatanisha ndugu, kueleza madeni na mashamba, kuandika wosia na kuungama. Mhudumu mwema hamrushii mtu habari nzito kama jiwe. Humwuliza anajua nini na angependa kujua nini, kisha hujibu polepole, kwa upole, bila uongo. Mkiona wahudumu wanaahidi uponyaji ili kuwafurahisha, au wanazungumza juu ya mgonjwa kana kwamba hayupo chumbani, tieni shaka.

*La nne: Je, familia inafundishwa?* Mzigo mkubwa humwangukia mama, binti au mke. Je, amefundishwa kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya mgandamizo, kumsafisha kinywa, kumnywesha bila kumpalia? Je, kuna anayemwuliza yeye mwenyewe amelala saa ngapi?

*La tano: Je, roho inatunzwa kwa uhuru?* Kituo, hata kisicho cha Kanisa, chapaswa kumwita padre mgonjwa anapomwomba, na kumwita mapema. Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya dakika ya mwisho tu. Yafaa upokelewe mgonjwa akiwa bado na fahamu, aweze pia kuungama na kupokea Komunyo Takatifu kama masurufu ya safari. Vivyo hivyo, kituo chetu cha Kikatoliki kimheshimu Mwislamu au Mlutheri aliyemo kitandani. Sala isiwe sharti la kupewa dawa, wala isichukue nafasi ya dawa.

*La sita: Je, mambo yako wazi?* Ulizeni juu ya usajili wa kituo, sifa za wauguzi, gharama na stakabadhi. Picha za mgonjwa zisipigwe wala kusambazwa bila idhini yake. Udhaifu wa mtu si tangazo la kuombea misaada.

*La saba: Je, wanarudi baada ya mazishi?* Huduma njema humkumbuka mjane na mayatima, walau kwa kuwatembelea mara moja au kuwapigia simu.

Kipimo kilichokwisha kutengenezwa

Wataalamu wa bara letu wamerahisisha kazi hii. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, kilichoundwa Arusha mwaka 2004 na chenye makao makuu Kampala, kina kipimo cha maswali kumi kinachohusu siku tatu zilizopita. Mgonjwa huulizwa saba: juu ya maumivu, dalili nyingine, wasiwasi, kama ameweza kumshirikisha mtu hisia zake, kama ameona maisha yana maana, kama ana amani, na kama amesaidiwa kupanga mambo ya familia. Ndugu anayemhudumia huulizwa matatu: kama amepewa maelezo ya kutosha, kama anajiamini katika kumhudumia mgonjwa, na kama ana wasiwasi. Kila jibu hupewa alama kati ya 0 na 5. Muulizeni mhudumu wenu kama anatumia kipimo hiki au kingine kinachofanana nacho, na kama majibu ya mwezi huu ni bora kuliko ya mwezi uliopita.

Tukiona upungufu

Tutenganishe upungufu wa vitu na upungufu wa moyo. Muuguzi mmoja anayetembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, anayesema wazi kwamba dawa fulani imekwisha na kueleza itapatikana lini na wapi, anatoa huduma njema kuliko kituo chenye jengo zuri kisichopokea simu. Penye kosa, familia ianze kwa kuzungumza kwa heshima na muuguzi, kisha na kiongozi wa kituo, ikitaja siku, saa na jambo lililotokea. Pasipokuwa na mabadiliko, ipeleke suala hilo kwa mganga mkuu wa wilaya, na kama kituo ni cha Kanisa, kwa idara ya afya ya jimbo. Kulalamika barazani hakumtulizi mgonjwa.

Jumuiya Ndogo Ndogo, WAWATA na vyama vya kitume vinavyotembelea wagonjwa navyo vijipime. Kuleta sukari na kusali Rozari ni tendo la huruma, na tusiache kulifanya. Ila tusiliite tiba shufaa ikiwa hatuna muuguzi wala mahali pa kumpeleka mgonjwa apate dawa. Kila Jumuiya iwe na mtu mmoja anayejua kituo cha karibu kinachotoa mofini, na mwenye namba yake ya simu. Atakapomtembelea mgonjwa, amwombe kwanza aoneshe vidole, kisha wasali.

Yule Msamaria wa Injili alisafisha majeraha kwa divai na mafuta, akayafunga, akamlipia mgonjwa nyumba ya wageni, na kuahidi kupita tena wakati wa kurudi.

Mzee niliyemtaja alipata mofini siku nne baada ya ziara yangu, kwa msaada wa muuguzi wa hospitali ya wilaya. Aliishi siku kumi na moja zaidi. Katika siku hizo alilala usiku, aliungama, na alimwita mwanawe wa kwanza ambaye walikuwa hawasemezani. Nasikitikia majuma yaliyotangulia, ambayo hakuna awezaye kumrudishia. Tuwaombee wagonjwa wetu, na kabla ya kuwakabidhi kwa mtu yeyote, tuulize.