Hifadhidata ya XML Ndani ya Programu

Lugha ya XML ilipoidhinishwa na shirika la W3C mwezi Februari 1998, swali la mahali pa kuhifadhi nyaraka zake lilijitokeza mapema. Hifadhidata za majedwali zilitaka waraka ukatwekatwe uingie kwenye safu na mistari, na kuurudisha ulivyokuwa ilikuwa kazi ya kuchosha. Mwaka 1999 kampuni ya Kijerumani Software AG ilitoa Tamino, iliyotunza waraka katika umbo lake. Lakini hiyo ilikuwa seva kubwa.

Njia nyepesi zaidi ilitokana na Berkeley DB, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California. Hii si seva. Ni maktaba ya msimbo inayofanya kazi ndani ya programu yenyewe, data ikikaa kwenye faili za kawaida. Juu ya msingi huo Sleepycat Software ilijenga Berkeley DB XML. Programu ilifungua faili iliyoitwa kontena, ikatia nyaraka, kisha ikauliza kwa XQuery, lugha ya kuuliza data ya XML: ombi kama //kitabu[mwaka = 1998] lilitosha kuleta vitabu vyote vya mwaka huo. Penye faharasa ya mwaka, jibu lilikuja upesi. Pasipo faharasa hiyo, nyaraka zote zilipekuliwa, na mara nyingi hifadhidata ikalaumiwa bure.

Oracle iliinunua Sleepycat mwaka 2006. XQuery iliidhinishwa rasmi Januari 2007, ikiwa imechelewa nyuma ya bidhaa zilizokwisha kuitumia. Upande wa Java zilikuwepo eXist, iliyoanzishwa na Wolfgang Meier, na BaseX ya Chuo Kikuu cha Konstanz, zote zikiweza kupachikwa. Baadaye JSON, muundo mwingine wa data, iliteka programu za wavuti. Wachapishaji na wahariri wa maandiko ya kale wengi walibaki na XML.