Safari Rally: Kanuni zinazoamua mbio kabla gari halijaliona vumbi la Naivasha

MASHABIKI wa mbio za magari huanza kuihesabu Safari Rally pale gari la kwanza linapopeperushiwa bendera. Mafundi huhesabu tofauti. Kwao mashindano huanza miezi kadhaa nyuma, pale Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA), lenye makao yake Paris, Ufaransa, linapotangaza kanuni za kiufundi za msimu unaofuata.

Kanuni hizo ndizo zinazosema gari liwe na uzito gani, injini yake ivute hewa kiasi gani, litumie matairi ya nani na lifanyiwe majaribio wapi. Kwa Afrika Mashariki jambo hili si la mafundi pekee. Kanuni ndizo zinazopanga bei ya gari la ushindi, na bei ndiyo inayoamua iwapo dereva wa ukanda huu anaweza kuushindania ushindi wa jumla au atabaki msindikizaji. Dereva wa mwisho wa ukanda huu kuitwaa Safari ikiwa sehemu ya mashindano ya ubingwa wa dunia ni Ian Duncan wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1994 akiwa na Toyota Celica.

Ilikotoka

Mbio hizo zilianzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, zikipita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Wakati huo kanuni zilikuwa nyepesi: gari lilitakiwa kuwa lile lile linalouzwa dukani, na madaraja ya washindani yaligawanywa kwa kufuata bei ya gari.

Mwaka 1960 zilipewa jina la East African Safari Rally, na mwaka 1974 zikawa Safari Rally. Ziliingia katika ubingwa wa dunia mwaka 1973, zikatolewa baada ya mashindano ya 2002 na kurejeshwa mwaka 2021, makao yake ya ushindani yakiwa Naivasha, katika Bonde la Ufa.

Katika miaka ya mwanzo wenyeji ndio walioogopwa. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967, akiendesha Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwishatumika katika mashindano ya nyuma, kisha akarudia mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alitwaa ushindi mara tano: mwaka 1973, kisha kila mwaka kuanzia 1979 hadi 1982, zote akiwa na magari ya Datsun.

Ushindi wao haukutokana na injini kubwa. Walizijua barabara, walijua mto upi hujaa lini, na walijua wapi pa kupunguza mwendo. Mwaka 1968, kati ya magari 93 yaliyoanza, ni saba tu yaliyomaliza. Katika mashindano ya aina hiyo, anayeijua njia alikuwa na mtaji usionunulika.

Gari la sasa

Magari ya daraja la juu hivi leo huitwa Rally1. Daraja hilo lilianza mwaka 2022, likiwa na injini ya petroli ya lita 1.6 yenye turbo, ikisaidiwa na mota ya umeme ya kilowati 100. Fremu ya mabomba inayomzunguka dereva na msoma ramani ilisanifiwa upya ili kuwakinga zaidi gari linapobiringika. Gia zilipunguzwa kutoka sita hadi tano, na difu ya kati iliyokuwa ikiendeshwa kwa kompyuta ikaondolewa ili kupunguza gharama.

Mabadiliko yaliyoonyesha zaidi jinsi kanuni zinavyoweza kuvuruga maandalizi yalikuja Novemba 2024. FIA ilitangaza kuwa mfumo wa umeme hautatumika tena kuanzia msimu wa 2025, wakati mbio za ufunguzi za Monte Carlo zilikuwa zimebakiza takriban miezi miwili. Uzito wa chini wa gari ulishushwa kutoka kilo 1,260 hadi kilo 1,180. Ili kasi isipande kupita kiasi, tundu linalopitisha hewa ya kuingia kwenye injini lilipunguzwa kutoka kipenyo cha milimita 36 hadi 35.

Milimita moja inaonekana ndogo, lakini injini huishi kwa hewa. Hewa ikipungua, petroli inayochomwa hupungua na nguvu hushuka. Kuondolewa kwa betri na mota nako kulihamisha mizani ya uzito, hivyo timu za Toyota, Hyundai na M-Sport Ford zililazimika kupanga upya springi na shokapu. Msimu huo huo matairi yalibadilika, Hankook ya Korea Kusini ikichukua nafasi ya Pirelli ya Italia.

Kujiandaa bila kufika

Ugumu mwingine umo katika kalenda. Tangu mwaka 2024 Safari imekuwa ikifanyika Machi badala ya Juni. Timu hutoka kwenye barafu ya Monte Carlo Januari, huingia kwenye theluji ya Sweden Februari, kisha hutakiwa kuwa tayari kwa joto na vumbi la Kenya.

Zamani viwanda vilileta magari Kenya mapema, vikayatesa kwenye barabara zenyewe hadi yavunjike, kisha vikaimarisha kilichovunjika. Siku za mashindano, helikopta iliruka mbele ya gari kumwonya dereva kuhusu mifugo na magari ya raia, kwa kuwa barabara hazikufungwa. Kanuni za sasa, kwa lengo la kubana gharama, zimezuia majaribio nje ya Ulaya. Matokeo yake gari la Safari hujaribiwa Ulaya, kwenye njia za mawe zinazokaribia kufanana na za Naivasha.

Kufanana huko kuna mpaka. Msomaji aliyewahi kusafiri kwa basi kati ya Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma, enzi za barabara ya udongo, hahitaji kuelezwa tofauti ya vumbi na mchanga. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia hata kwenye mzigo uliofungwa. Masika yakianza, njia ile ile hugeuka utelezi. Katika maeneo ya Naivasha, hasa Kedong, udongo ni mwepesi kama unga wa muhogo. Magurudumu huzama ndani yake, na vumbi huziba kichujio cha hewa hadi injini ikose pumzi.

Kwa sababu hiyo magari ya Safari huruhusiwa kufungwa bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa. Bomba hilo husaidia injini isinywe maji kwenye vivuko, na huipa hewa yenye vumbi pungufu. Aidha, mafundi huinua gari kutoka ardhini na kuimarisha bamba la chini linalokinga injini na giaboksi dhidi ya mawe.

Nafasi ya kuiona njia ni moja. Kabla ya mashindano, dereva na msoma ramani huruhusiwa kupita kila hatua mara mbili kwa mwendo mdogo, wakiandika maelezo ya kila kona, jiwe na korongo. Mvua ikinyesha usiku, nusu ya maelezo hayo hupitwa na wakati. Gari haliruhusiwi kubeba matairi ya akiba zaidi ya mawili, na matengenezo ya jioni yana dakika 45 tu. Fundi akizidisha muda, dereva huadhibiwa.

Nani anabaki nje

Tangu mbio ziliporejea mwaka 2021 hadi 2025, Toyota ilishinda zote tano: Sebastien Ogier mwaka 2021 na 2023, Kalle Rovanpera mwaka 2022 na 2024, na Elfyn Evans mwaka 2025. Washindi hao wote wanatoka Ulaya. Madereva wa Kenya hushiriki kwa magari ya madaraja ya chini au ya kanuni za kitaifa, wengine wakiwa na Mitsubishi Lancer na Subaru Impreza za miaka mingi.

Wapo wenye uwezo. Karan Patel wa Kenya alikuwa bingwa wa Afrika mwaka 2022 na 2023. Lakini gari la daraja la Rally1 ni mali ya kiwanda, na bado halijawa kitu ambacho dereva wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kukinunua na kukitunza.

Ni hapo kanuni zilizopangwa kuanza msimu wa 2027 zinapobeba uzito. FIA iliidhinisha Desemba 2024 kwamba bei ya gari la daraja la juu isizidi euro 345,000, nguvu yake iwe takriban za farasi 300, na baadhi ya vipuri vitoke kwenye magari ya daraja la pili la sasa. Pia milango ilifunguliwa kwa karakana huru kujenga magari, bila kuwa lazima ziwe kiwanda kikubwa.

Kiasi hicho bado ni fedha nyingi kwa mfuko wa dereva yeyote wa Afrika Mashariki asiye na mdhamini. Hata hivyo ni mara ya kwanza kwa muda mrefu bei kurudi kuwa sehemu ya kanuni, kama ilivyokuwa mwaka 1953. Gari likinunulika, ujuzi wa njia utakuwa na thamani tena, na huo madereva wa ukanda huu hawakuwahi kuupoteza.