Akaunti ya benki Ujerumani: Haki ambayo wageni wengi hawaijui

Mwajiri anataka namba ya akaunti ili alipe mshahara. Mwenye nyumba anataka kodi iingizwe benki. Mwanafunzi naye hukatwa mchango wa bima ya afya kupitia benki. Kwa mgeni aliyefika Ujerumani hivi karibuni, kukosa akaunti ni kukwama kila upande.

Nani ana haki ya kufungua akaunti?

Tangu Juni 2016, kila mtu anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya ana haki ya kufungua akaunti ya msingi nchini Ujerumani. Kwa Kijerumani inaitwa Basiskonto. Haki hiyo inawahusu pia waomba hifadhi, watu wasio na makaazi ya kudumu na wale wasio na kibali cha ukaazi lakini ambao hawawezi kurejeshwa makwao.

Kwa akaunti hiyo unaweza kuweka na kutoa fedha, kutuma, kulipa kwa kadi na kukatwa malipo ya kila mwezi. Benki hailazimiki kukuruhusu utumie zaidi ya salio lako. Inaweza kutoza ada, ila sheria inataka ada hiyo iwe ya kiasi, hivyo linganisha benki kadhaa kwanza.

Unahitaji nini?

Chukua pasipoti yako na kibali cha ukaazi, au hati uliyopewa na idara ya wageni. Benki nyingi huomba pia cheti cha kujiandikisha makaazi, ambacho hutolewa na ofisi ya manispaa. Asiye na nyumba anaweza kutumia anwani ya rafiki au ya kituo cha ushauri.

Baadhi ya benki huthibitisha utambulisho kwa njia ya video, lakini si kila pasipoti inakubaliwa. Ikikataliwa, nenda tawini mwenyewe.

Benki ikikataa je?

Ukifika dirishani, taja jina lenyewe: Basiskonto. Jaza fomu yake na ubaki na nakala. Fomu ikishakamilika, benki ina siku 10 za kazi kukupa mkataba au kukataa kwa maandishi. Inaweza kukataa, kwa mfano, kama tayari una akaunti nyingine inayofanya kazi Ujerumani. Kuwa na madeni kwingineko, peke yake, si sababu.

Usiporidhika, unaweza kupeleka malalamiko BaFin, mamlaka inayosimamia benki nchini humo. Ina uwezo wa kuiamuru benki ikufungulie akaunti.

Jihadhari na jambo hili

Usimwazime mtu akaunti yako, hata kama ni ndugu au mtu wa nyumbani anayesema "pesa zitapita tu". Zikigundulika kuwa za wizi au utapeli, polisi wataanza na jina lililo kwenye akaunti, na jina hilo ni lako.