Bwana Amir Jamal, Mtunza Hazina

Ukitoka sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, ukashika njia ya kuelekea bandarini, utavuka kwanza barabara ya Lumumba, ambayo zamani iliitwa New Street. Hapo ndipo chama cha TANU kilipozaliwa, tarehe 7 Julai 1954. Mbele yake ni uwanja wa Mnazi Mmoja, na ng'ambo ya uwanja waanza mji wa maghorofa na maduka ambao wazee huuita Uhindini. Ukizidi kwenda, wafika penye bustani na miti mikubwa, na hapo pana Ukumbi wa Karimjee, ambamo Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa likikutana. Safari hii haitimizi saa moja kwa miguu.

Lakini ule uwanja haukuachwa wazi kwa bahati tu. Wadachi kwanza, na Waingereza baada yao, waliugawa mji mafungu matatu, wakaandika amri za ujenzi zilizotaja nyumba za namna hii na nyumba za namna ile, wala hazikutaja watu. Hata hivyo kila mtu alifahamu maana yake. Wazungu walikaa pwani, Wahindi katikati, na Waafrika wakakaa Kariakoo, mahali palipopata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo katika Vita Kuu ya kwanza. Mnazi Mmoja ulikuwa mpaka. Basi habari ninayotaka kusimulia ni ya mtu aliyeuvuka mpaka ule, akakaa upande wa pili maisha yake yote, na jinsi jambo hilo lilivyomgharimu.

Bwana Amir Habib Jamal alizaliwa Mwanza mwaka 1922, katika jamaa ya Wahindi wafanya biashara wa madhehebu ya Ismailia. Alisoma Mwanza, kisha Dar es Salaam, kisha akavuka bahari kwenda chuo kikuu cha Calcutta katika Bara Hindi, akajifunza mambo ya biashara na uchumi. Miaka ile chama cha Congress kilikuwa kikiwadai Waingereza watoke katika nchi ile. Kijana wa Mwanza aliyeyaona mambo hayo kwa macho yake hangeweza kurudi Tanganyika akaketi dukani, akahesabu faida tu.

Aliporudi, chama cha Waafrika kilikuwa hakijamfungulia mlango mtu asiye Mwafrika. TANU ilikuwa ya Waafrika peke yao, na haikufunguliwa kwa watu wote hata mwaka 1963. Walakini Wahindi kadha wa kadha walijiunga na chama chao cha Asian Association, wakaiunga mkono TANU bila ya kuwa wanachama wake. Wengi wa ndugu zao hawakupendezwa. Mwenye duka huogopa mabadiliko, maana asiyekuwa na shamba wala ukoo katika nchi hutegemea duka lake kama mtu ategemeavyo mtumbwi ziwani.

Ndipo ukaja uchaguzi wa kura tatu. Serikali ya Waingereza iliamuru kwamba kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, na asipochagua wote watatu kura yake ni bure. Tena mpiga kura alipaswa kuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kazi ya cheo fulani. Nchi ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni 8, Wahindi wasiotimia laki moja, na Wazungu kama 20,000, na kila taifa likapewa kiti sawasawa na jingine! Wengi katika TANU walitaka kuususia uchaguzi huo. Walibishana sana katika mkutano wa Tabora, mwezi wa Januari 1958, na Mwalimu Nyerere akawashawishi kuingia. Waliokataa katakata walitoka pamoja na Bwana Zuberi Mtemvu, wakaanzisha chama kingine.

Mimi naona kwamba shauri la Tabora lilikuwa na werevu ambao Waingereza hawakuutazamia. Wao walidhani kura tatu zitawatenga watu. Lakini TANU ikatafuta Wahindi na Wazungu walio upande wake, ikawaambia wanachama wake, Mpigieni huyu na huyu. Hivyo Mwafrika wa Morogoro ndiye aliyeamua ni Mhindi gani atakayekwenda barazani, wala si Wahindi wenyewe. Bwana Jamal alichaguliwa mwaka 1958 katika Jimbo la Mashariki, ambalo Morogoro ilikuwa ndani yake. Mwezi wa Julai 1959 wajumbe watano waliochaguliwa waliingia katika baraza la mawaziri la Gavana Turnbull: Chifu Fundikira, Bwana George Kahama, Bwana Solomon Eliufoo, Bwana Derek Bryceson, na Bwana Jamal.

Uhuru ulipokaribia, mnamo Oktoba 1961, wajumbe walijadiliana juu ya sheria ya uraia. Baadhi yao walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Mwalimu Nyerere alikasirika, akasema kwamba serikali yake itajiuzulu kuliko kukubali ubaguzi wa rangi. Sheria ikapita kama alivyotaka. Lakini jambo lililosemwa wazi barazani halisahauliki upesi, na Bwana Jamal alikuwa mmoja wa mawaziri wakati huo.

Jaribu lililo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1965. Viti vya mataifa vilikuwa vimekwisha kuondolewa. Chama kilikuwa kimoja, na katika majimbo mengi watu wawili walishindania kiti kimoja, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Ilikatazwa mtu kuomba kura kwa ajili ya rangi, dini au kabila. Jamal alisimama Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, penye Wakristo wengi na Waislamu wengi, ambao karibu wote hawakuwa wa dini yake hasa wala wa rangi yake. Wakamchagua kwa kura nyingi. Mwaka huo huo, kule Mwanza alikozaliwa, Bwana Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alikataliwa na watu wa kwao wenyewe. Mtoto wa Mwanza aliyechaguliwa Morogoro akapewa wizara ya mtoto wa Mwanza aliyekataliwa Mwanza.

Basi tangu 1965 hata 1972 alishika Hazina. Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, nasi tukapata shilingi yetu wenyewe mahali pa ile ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha, na siku iliyofuata mabenki yakataifishwa. Azimio lilimkataza kiongozi kupangisha nyumba, kuwa na hisa katika kampuni, au kupokea mishahara miwili. Kwa mtu wa ukoo wa biashara sharti hili halikuwa dogo.

Mwezi wa Aprili 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majumba. Jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, kama mwenyewe hakulitumia lote, liliingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, na lililokuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi halikulipiwa fidia. Sheria haikutaja Wahindi, kama vile amri za zamani za ujenzi hazikutaja watu. Lakini mtu akipita Uhindini hata leo, huyaona majina na miaka yaliyochorwa juu ya kuta za maghorofa yale, na hufahamu ni nani walioumizwa. Wengi waliondoka nchini. Na Waziri wa Fedha alikuwa mwenzao.

Sisi tuliofundishwa habari za Yusufu huko Misri twaweza kumkumbuka hapa, aliyetunza ghala za Farao, na siku za njaa akainunua ardhi yote ya Wamisri iwe mali ya Farao. Walakini mfano huu wapungua. Yusufu aliuzwa, akaletwa mgeni, na jamaa zake wakapewa Gosheni wakakaa salama. Jamal alizaliwa nchini, na waliopoteza mali ni watu wake. Wako waliomwita msaliti, na wako Waafrika waliosema kwamba Mhindi hapaswi kushika funguo za Hazina. Haki inatutaka tuseme kwamba sheria ile iliwapora wajane na wazee ambao kodi ya nyumba moja ndiyo iliyokuwa chakula chao. Na haki hiyo hiyo inatutaka tuseme kwamba Jamal hakuitumikia serikali kwa kutafuta mali.

Alirudi Hazina mara mbili tena, 1975 hata 1977, na 1979 hata 1983. Mara ya mwisho ilikuwa mbaya. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha fedha, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na Bwana Edwin Mtei alikuwa amejiuzulu kwa kutoafikiana na Mwalimu juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Dunia. Mwaka 1980 Jamal alikuwa mwenyekiti wa mkutano mkuu wa shirika hilo hilo na wa Benki ya Dunia huko Washington, na nyumbani madukani hamna sabuni. Alikuwa pia katika tume ya Bwana Willy Brandt, iliyochunguza kwa nini nchi maskini zazidi kuwa maskini.

Mwaka 1985 alipelekwa Geneva kuwa balozi wetu kwenye Umoja wa Mataifa. Alifariki mwezi wa Machi 1995 huko Vancouver, Kanada, katika nchi ile ile ambayo wengi wa Wahindi walioondoka Dar es Salaam baada ya 1971 walikuwa wamehamia.