Matokeo ya Shule Yetu: Nani Alikuwa Akihesabiwa?

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani,

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, hakosekani mmoja wetu wa kutangaza kwamba shule imekufa. Husema enzi zetu daraja sifuri ilikuwa habari ya kusikia tu. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora, lakini wenzetu hawakuacha. Huzipanga wenyewe katika simu na kutumiana usiku kucha. Safari hii limezuka hata pendekezo kwamba mfuko wetu uwasaidie wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita peke yao, kwa kuwa ndio wanaobeba jina la shule. Kabla hatujapiga kura, yafaa tutazame nyuma kidogo.

Karagwe ya Mukama Rumanyika ilimpokea Speke mwaka 1861, na wageni wale waliandika habari zake zikasomwa Ulaya. Lakini elimu ya sekondari ilichelewa sana kutufikia. Shule zenye sifa zilikuwa upande wa Bukoba: Ihungo, Nyakato, Kahororo, na Rugambwa kwa wasichana. Mtoto wa Kaisho au Murongo aliyechaguliwa huko alipanda lori la mizigo na sanduku lake la bati, akaonekana tena kijijini wakati wa likizo. Sheria ya Elimu ya 1969 ilipozitia shule za misheni mikononi mwa serikali, wanafunzi walianza kuchanganywa zaidi: kijana wa huku akapelekwa Tabora, wa Songea akaletwa huku. Hilo lilikuwa jema kwa taifa, wala silijutii.

Ila katika miaka ya 1970 nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa pia kwa mafungu ya mikoa. Mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi hadi 1979, ulihesabiwa pamoja na Kilimanjaro kuwa mikoa iliyotangulia, kwa sababu ya misheni na kahawa. Kwa hiyo mtoto wa hapa alihitaji alama za juu kuliko mwenzake wa mikoa mingine. Sisi wa Karagwe tulibeba sifa ya kutangulia iliyokuwa hasa ya Bukoba! Kisha ikaja Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977. Madarasa ya chini yakafurika, na mlango wa sekondari ukabaki na upana ule ule. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kila watoto 100 waliomaliza darasa la saba nchini, waliopata nafasi katika sekondari za serikali hawakufika 10.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Sifuri zilikuwapo enzi zetu. Zilikwisha kuhesabiwa darasa la saba, zikabaki kijijini. Mimi nilimaliza shule ya msingi katikati ya miaka ya 1990. Darasani tulikuwa arobaini na kitu, tukachaguliwa wawili kwenda shule ya serikali. Wale wengine hawakuwa wajinga. Mmoja alikuwa akinishinda hesabu kila muhula. Baadhi walipelekwa katika sekondari za wananchi, ambazo wazazi wa Kagera walizijenga kwa bidii serikali ilipolegeza masharti katikati ya miaka ya 1980, na ada ikatafutwa kwa butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa. Waliobaki walishika jembe. Hakuna jedwali lolote la matokeo ya shule yetu lililowahi kuwataja.

Mambo yaligeuka kuanzia 2004, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari na kila kata ikahimizwa kujenga shule yake. Kyerwa ilipokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, sensa ya mwaka huo ilikuta watu zaidi ya 320,000 katika kila moja ya wilaya hizi mbili. Ada ilipoondolewa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, waliingia hata wale ambao baba zao hawakuwa na mti mmoja wa kahawa. Wasichana, ambao zamani walikuwa wachache, kitaifa sasa ni wengi kuliko wavulana katika vidato vya chini. Gharama yake tuliiona mapema: katika matokeo ya kidato cha nne ya 2012, kama yalivyotangazwa kwanza, watahiniwa wapatao 60 katika kila 100 walipata sifuri, hata serikali ikaunda tume. Walimu walikuwa wachache, maabara zilikuwa kuta tupu.

Sasa shule kongwe kama yetu ni shule mbili ndani ya uzio mmoja. Kidato cha tano na cha sita huchaguliwa na TAMISEMI kutoka nchi nzima, kwa alama, nao hulala bwenini. Kidato cha kwanza hadi cha nne ni watoto wa kata, wa kutwa. Walimu ni wale wale, ubao ni ule ule. Juu daraja la kwanza, chini sifuri. Anayesema walimu wamelegea anieleze basi wanalegeaje saa mbili na kukaza uzi saa nne.

Mtoto wa kutwa huamka gizani, akapanda na kushuka vilima vyetu hivi, akafika na umande miguuni. Anayetoka mbali hupanga chumba, ndiyo hiyo geto, akajipikia maharage mwenyewe akiwa na miaka kumi na minne. Kwa binti, hatari zake zajulikana. Waraka wa Novemba 2021 umemruhusu aliyejifungua kurudi darasani, lakini haukumjengea pa kulala. Nyumbani amezungumza Kinyambo, shule ya msingi Kiswahili, sasa fizikia aipate kwa Kiingereza. Hisabati hata kitaifa hufaulu chini ya theluthi.

Kwa hiyo nitapiga kura ya kupinga pendekezo. Wa kidato cha tano wameshachujwa, na tangu 2022 nao hawalipi ada. Fedha zetu ziende katika hosteli ya wasichana wa kidato cha kwanza hadi cha nne, na chakula cha mchana kwa wote wa kutwa. Wastani wetu hautapanda mwaka wa kwanza, pengine hata wa tatu, na wale wa simu za usiku watatucheka.

Namwomba pia mhariri, toleo lijalo atakapochapa matokeo, kando ya idadi ya waliofaulu aweke idadi ya walioanza kidato cha kwanza miaka minne nyuma, wavulana na wasichana mbalimbali. Rejista zipo ofisini kwa mkuu wa shule. Mimi niko tayari kuja kuzinakili wakati wa likizo yangu.