Mbio za Watoro

Majuu, ukishasema umetoka Kenya, swali la kwanza ni simba na la pili ni mbio. Mimi nimekulia Kengeleni, Mombasa, na mbio pekee nilizozijua ni za kudandia matatu ya Bamburi ikiwa imeshaanza kuondoka. Lakini mwaka wangu wa pili hapa Maryland nilichoka kueleza. Nikanunua raba, nikaanza kukimbia kama watu walivyotarajia.

Kwa miezi kadhaa nilizunguka mitaa ya karibu na nyumbani, hadi mwenzangu wa kazini akaniambia kwamba kama nataka vilima, niende Harpers Ferry. Nilikwenda Jumamosi moja ya Oktoba, majani yakiwa yamegeuka rangi, mekundu na ya manjano. Tangu siku hiyo narudi kila ninapopata nafasi.

Harpers Ferry ni mji mdogo wa West Virginia, umekaa kwenye ncha ya ardhi pale mto Shenandoah unapoingia mto Potomac. Ukisimama kwenye ncha hiyo, ng'ambo moja ni Maryland, ng'ambo nyingine ni Virginia, na vilima vyenye msitu vimeubana mji pande zote. Thomas Jefferson alipita hapa mwaka 1783. Baadaye aliandika kwamba mandhari haya peke yake yanatosha kumfanya mtu avuke Atlantiki kuja kuyaona. Jefferson huyo huyo alimiliki mamia ya watumwa maishani mwake. Wazee wao walivuka Atlantiki pia, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kuona mandhari.

Njia yangu ni hii. Naanzia mjini, navuka Potomac kwa daraja la waenda kwa miguu lililobanwa ubavuni mwa daraja la reli, nashuka ngazi upande wa Maryland. Hapo kuna mfereji wa zamani uliochimbwa ili mashua zipeleke makaa ya mawe na nafaka hadi Washington. Mashua zilivutwa kwa kamba na nyumbu, na njia waliyotembea nyumbu hao ipo hadi leo, karibu kilomita 297, tambarare kama meza. Nakimbia kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, mto upande mmoja, mwamba upande wa pili. Misuli ikishapata moto, naingia msituni.

Kilima kinaitwa Maryland Heights, na walai kinakutoa jasho. Njia inapanda moja kwa moja bila huruma, na mara ya kwanza niliimaliza nikiwa natembea, mikono magotini. Kutembea huko kulinifaa, kwa sababu ndiko kulikonifanya nione vitu. Katikati ya miti, ubavuni mwa mlima, kuna sehemu zimesawazishwa kama vibaraza vya duara. Kumbe ni mahali walipokuwa wakichoma makaa. Katika karne ya 19 miti ya hapa ilikatwa kulisha matanuri ya chuma, na vita vilipokuja, wanajeshi wakakata iliyobaki ili mizinga yao ione mbali. Kwa hivyo msitu huu ninaouona wa kale ni mtoto tu. Historia ya hapa ni kongwe kuliko miti yake.

Huko juu kuna mwamba ulio wazi. Ukikaa pale unauona mji wote chini kama mchoro: madaraja, stesheni ya treni, kanisa, na kijengo kidogo cha matofali chenye kimnara. Kijengo hicho ndicho kilichoufanya mji huu ujulikane duniani.

Serikali ya Marekani ilikuwa na kiwanda cha bunduki hapa, na ghala lenye maelfu ya silaha. Usiku wa Jumapili, tarehe 16 Oktoba 1859, mzungu mmoja mwenye ndevu, John Brown, alitoka kwenye shamba alilokodi upande wa Maryland, kilomita kama nane kutoka hapa. Kikosi chake kilikuwa cha watu 21, na watano kati yao walikuwa weusi. Wachache walibaki kulinda shamba, wengine wakashuka naye gizani kwa barabara inayopita chini ya mwamba huu, wakavuka daraja, wakateka kiwanda. Nia yake ilikuwa kuwapa watumwa silaha na kupanda nao milimani, wapigane wakitokea msituni. Alikuwa ametengenezesha karibu mikuki 1,000 kwa ajili ya wasiojua bunduki. Mtu aliyekulia Kenya akisikia habari za wapiganaji wa msituni haitaji kuchorewa picha.

Mpango ulivunjika. Brown alikawia mjini, wenyeji wakamzingira, na yeye na waliobaki wakajifungia ndani ya kile kijengo cha matofali kilichokuwa banda la mitambo ya zimamoto. Asubuhi ya tarehe 18, wanajeshi wa majini wakiongozwa na Kanali Robert E. Lee walivunja mlango. Ndiyo, Lee yule yule aliyekuja kuwa jemadari wa majimbo ya kusini. Brown alinyongwa tarehe 2 Desemba mwaka huo huo katika mji jirani wa Charles Town.

Hayo yapo kwenye kila kitabu. Mimi kinachonikalisha pale juu kuliko nilivyopanga ni habari ya mtu mwingine, Dangerfield Newby. Yeye alikuwa mmoja wa wale weusi watano, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mwana wa baba mzungu na mama mtumwa. Alikuwa ameshapata uhuru wake, lakini mkewe Harriet na watoto wao walikuwa bado mali ya mtu huko Virginia. Newby alikusanya pesa awanunue, mwenye mali akapandisha bei. Harriet alikuwa akimwandikia barua. Anamwambia mtoto wao mdogo ameanza kutambaa. Anamwambia bwana wake ana shida ya pesa na huenda akamuuza wakati wowote, kwa hiyo aje upesi.

Newby alikuja na bunduki. Alikuwa wa kwanza kufa kati ya watu wa Brown, akipigwa risasi mtaani, na watu wenye hasira wakaukatakata mwili wake. Barua za Harriet zilikutwa kwake. Baada ya hapo Harriet aliuzwa Louisiana, mbali kabisa kusini, na alirudi Virginia baada ya vita tu.

Mtu mmoja wa kikosi kile, Osborne Anderson, mweusi pia, aliponyoka. Alivuka mto, akapita kwenye vilima hivi hivi akielekea kaskazini, akafika Pennsylvania na hatimaye Canada. Mwaka 1861 alichapisha kitabu akieleza aliyoyaona. Kati ya wale weusi watano ni yeye peke yake aliyetoka hai, na alitoka kwa kukimbia.

Hapo ndipo lugha yetu inaponishika shati. Kwa Kiswahili, mimi na Anderson tumefanya tendo moja: tumekimbia. Yule wa mashindano anakimbia, na yule anayeokoa roho yake anakimbia.

Nikishuka kutoka mlimani, narudi mjini kwa daraja lile lile na kupita mbele ya lile banda la zimamoto. Ukiliangalia halionyeshi kwamba limesafiri, lakini limezurura kuliko sisi wengi. Lilibomolewa likapelekwa Chicago kwa maonyesho ya mwaka 1893, likarudishwa likawekwa shambani, likahamishiwa chuoni mwaka 1909, na mwaka 1968 likaletwa karibu na pale lilipoanzia. Kengele yake haimo. Vita vilipoanza mwaka 1861, wanajeshi kutoka Marlborough, Massachusetts, waliichukua, na hadi leo iko kwao.

Nilipojua habari ya kengele, nilicheka peke yangu mtaani. Mtaa wetu umeitwa Kengeleni kwa sababu ya kengele. Kila siku magari yanapiga honi chini yake na hakuna anayeinua macho. Iliwekwa na wamisionari wa Frere Town, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Ilipigwa kuwaonya watu hatari inapokuja.

Bibi yangu alikuwa akisema, "Sisi ni watu wa misheni," akaishia hapo. Ukimuuliza kabla ya misheni tulikuwa watu wa wapi, alikutuma dukani. Siku moja, nikiwa darasa la sita, niliitwa mtoro nyumbani kwa kukwepa shule, na bibi aligeuka mkali kuliko kosa lenyewe. "Neno hilo lisitamkwe humu ndani." Sikuelewa. Shuleni mtoro ni mtoto asiyeingia darasani, basi.

Kumbe neno lina ukoo. Katika karne ya 19, mashamba ya nafaka na minazi ya Malindi, Takaungu na Mombasa yalilimwa na watumwa, wengi wao wakiwa wameletwa kutoka pande za Nyasa. Waliotoroka waliitwa watoro. Wengine walijenga vijiji vyao huko bara, kama Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama. Wengine walikimbilia misheni ya Rabai. Hao hawakuwa wameokolewa baharini na meli ya Malkia. Walikuwa wamejiokoa wenyewe, na kwa sheria ya wakati ule walikuwa mali iliyopotea. Mabwana waliwadai. Mwishowe kampuni ya Waingereza ililipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 wakapewa hati za uhuru huko Rabai. Fidia ilikwenda kwa mabwana. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria kwenye pwani yetu hadi mwaka 1907.

Hatua chache kutoka kwenye banda kuna jiwe la ukumbusho, na hilo huwa linanipunguza mwendo. Mtu wa kwanza kupigwa risasi usiku ule wa 1859 alikuwa Heyward Shepherd, mbeba mizigo wa stesheni. Alikuwa mweusi, tena huru, na aliuawa na watu wa Brown waliokuja kukomesha utumwa. Huo ni ukweli mchungu, na Shepherd alistahili jiwe. Lakini waliomsimamishia jiwe mwaka 1931 walikuwa vyama vya wazao wa wanajeshi wa kusini, na walilitumia kuwasifu weusi waaminifu walioridhika na mabwana wao. Yaani mtu huru amegeuzwa shahidi wa kuutetea utumwa. Mwaka uliofuata, W.E.B. Du Bois aliandika maneno ya kuwekwa kwenye kibao cha kumheshimu Brown na weusi waliopigania uhuru. Kibao hicho kilikataliwa. Kiliwekwa mwaka 2006.

Kutoka hapo napanda ngazi za mawe, napita kanisa la Mtakatifu Petro na mwamba wa Jefferson, hadi juu kwenye majengo ya chuo cha Storer. Kilifunguliwa mwaka 1867 kuwasomesha waliotoka utumwani, kikafungwa 1955. Wanafunzi wake wa kwanza walijua mji huu kwa njia tofauti na watalii. Mwaka 1862, wakati wa vita, watoro wengi walikuwa wamekimbilia hapa kwa jeshi la kaskazini. Septemba jeshi hilo likajisalimisha, wanajeshi zaidi ya 12,000. Wanajeshi waliachiliwa waende zao. Watoro walirudishwa utumwani.

Agosti 1906, Du Bois na wenzake wa Niagara Movement walikutana chuoni hapa kudai haki zao. Alfajiri moja walitembea hadi shambani lilipokuwa lile banda wakati huo, na wengi wao walivua viatu kwa heshima. Kila nikipita hapo nikiwa na raba za dola mia moja na ishirini, najisikia vibaya kidogo.

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye nyasi za chuo, nikampigia shangazi yangu. Ilikuwa saa saba mchana kwangu, saa mbili usiku Kisauni. Bibi alishafariki, na shangazi ndiye mkubwa aliyebaki. Nikamwamkia, tukasalimiana mpaka salamu zikaisha. Kisha nikamuuliza moja kwa moja: sisi tulitoka kwenye majahazi, au tulikuwa watoro?

Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Bibi yake mama alifika Rabai usiku," akasema. "Peke yake, na mtoto mgongoni. Huyo mtoto ndiye aliyemzaa bibi yako."

"Kutoka wapi, shangazi?"

"Hakusema. Mtu aliyekimbia utamuulizaje alikotoka? Na wewe uko wapi, mbona unahema?"

Nikamwambia nimetoka kukimbia, kilomita kumi na sita, mlimani na msituni.

"Kumi na sita!" akasema. "Na hakuna mtu aliyekuwa anakufukuza?"