Njia ya Shaba: Mafunzo ya Reli ya Uhuru

Wengi wetu hudhani kwamba kusafirisha mizigo ni kazi ya makarani na wahandisi tu, na kwamba siasa haina nafasi humo. Dhana hiyo ni potofu. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga viwanda na bandari. Machi 2021 meli moja, Ever Given, iliziba mfereji wa Suez kwa siku sita. Mwishoni mwa 2023 meli zilianza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu, na nyingi zikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Nchi tajiri zikashtuka na kuanza kuzungumzia udhaifu wa kile ambacho wataalamu wanakiita mnyororo wa ugavi, kana kwamba jambo hilo limezaliwa jana.

Kwetu sisi wa Afrika ya Mashariki na Kusini si jipya. Katika makala hii tutachambua historia ya njia moja, nayo ni njia ya shaba ya Zambia. Historia hiyo inatufundisha kwamba anayetegemea njia ya mwingine hana uhuru kamili. Inatufundisha pia jambo ambalo hatupendi kulisema mara kwa mara: kujenga njia yako mwenyewe ni nusu tu ya ukombozi.

Urithi wa ukoloni

Zambia ilipata uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964. Zaidi ya asilimia 90 ya fedha zake za kigeni zilitokana na shaba. Lakini reli iliyobeba sehemu kubwa ya shaba hiyo ilielekea kusini, ikipita Rhodesia ya walowezi hadi bandari za Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno. Mafuta yaliingia kwa njia hiyo hiyo kutoka Beira. Makaa ya mawe yalitoka Wankie. Hata umeme wa Kariba ulifuliwa katika mitambo iliyojengwa ukingo wa kusini wa mto Zambezi, upande wa walowezi.

Mpangilio huo haukuwa bahati mbaya. Mkoloni hakujenga reli ili Waafrika wauziane mazao yao, bali ili mali itoke mgodini ifike melini. Kwa hiyo Tanzania na Zambia zilipakana bila kuunganishwa na reli yoyote.

Jaribio la 1965

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru wao ili kuzuia utawala wa walio wengi. Desemba Uingereza ilitangaza vikwazo vya mafuta dhidi yao, na Smith naye akakata mafuta yaliyokwenda Zambia. Nchi iliyounga mkono ukombozi ikawa ya kwanza kuumia.

Mapipa ya mafuta yalibebwa kwa ndege. Malori yakaanza safari kati ya Dar es Salaam na Ukanda wa Shaba, yakipita barabara ya udongo ambayo wakati wa masika iligeuka tope. Ajali zilikuwa nyingi mno hata madereva wakaibatiza njia ya jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilifunguliwa. Kwa upande wa mafuta kamba ya adui ilikuwa imekatwa. Ilibaki shaba.

Reli ya Uhuru

Benki ya Dunia na serikali za Magharibi zilikataa kugharamia reli ya kuunganisha Zambia na Dar es Salaam. Hoja yao ilikuwa ya hesabu: njia ya kusini ipo, ya pili ya nini? Hesabu hiyo ilisahau kuandika gharama ya kupigiwa magoti mtawala wa kibaguzi. Ndipo Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walipoikubali ahadi ya Jamhuri ya Watu wa China, na mkataba ukatiwa saini Beijing Septemba 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha.

China, ambayo yenyewe ilikuwa nchi maskini, ilitoa mkopo usio na riba wa yuani milioni 988. Ujenzi ulianza Oktoba 1970. Maelfu ya vijana wa Tanzania na Zambia walifanya kazi bega kwa bega na mafundi Wachina, wakitoboa mahandaki na kuinua madaraja katika milima kati ya Mlimba na Makambako. Tarehe 14 Julai 1976 reli yenye urefu wa kilometa 1,860 ilikabidhiwa rasmi kwa wenyewe. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika kazi hiyo. Makaburi ya wengi wao yapo Gongo la Mboto. Wako pia ndugu zetu waliokufa, na majina yao hatuyakumbuki kama inavyostahili.

Reli ilihitajika kweli. Januari 1973 Smith alikuwa amefunga mpaka, na alipotaka kuufungua tena Zambia ilikataa kuitumia njia yake. Agosti 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, njia ya shaba ya kwenda Atlantiki. Ikabaki Dar es Salaam.

Mipaka ya ushindi

Hapa ndipo kada hana budi kuwa mkweli. Reli ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Kiwango hicho hakikufikiwa hata mwaka mmoja. Vichwa vya treni vya mwanzo vilishindwa kuistahimili milima. Mabehewa yaliyokwenda Zambia yalichelewa kurudi. Bandari ya Dar es Salaam ilijaa shehena isiyoondoka. Oktoba 1978 mbolea ya wakulima wa Zambia ilikuwa imekwama, na mvua haimsubiri mtu. Rais Kaunda akalazimika kuifungua tena njia ya Rhodesia, baada ya wananchi wake kujinyima kwa miaka mitano. Mwaka uliofuata majeshi ya Smith yalilipua daraja la reli huko Chambeshi. Lakini tusijifiche nyuma ya baruti ya adui. Njia ya kusini ilikuwa imefunguliwa kabla ya daraja kulipuliwa.

Ubaguzi ulipoanguka Afrika Kusini mwaka 1994, sababu ya kisiasa ya kulikwepa jirani huyo ilikwisha. Kuanzia hapo mwenye mzigo aliuliza swali moja tu: utafika lini? Wengi walikwenda Durban, na wengine wakakodi malori. TAZARA, iliyowahi kubeba zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka, ilifikia mwaka 2014/15 kubeba chini ya tani 100,000. Hakuna beberu aliyeing'oa reli ile. Ilidhoofishwa na mtaji usiowekwa, vipuri visivyonunuliwa kwa wakati, na viongozi waliopenda kuimba sifa za reli kuliko kuhesabu mabehewa yake.

Liko funzo jingine. Agosti 1969 Zambia ilitangaza kuchukua asilimia 51 ya migodi, na baadaye ikawa mmiliki mwenza wa reli. Hata hivyo bei ya shaba iliendelea kupangwa London, na ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970 nchi nzima iliyumba. Kumiliki njia hakutoshi ikiwa kinachopita juu yake ni mali ghafi tu.

Mashindano ya leo

Leo shaba, pamoja na kobalti ya Kongo, inatakiwa kwa nyaya, betri na magari ya umeme, na wakubwa wamerudi kwenye ramani zile zile. Novemba 2022 Angola ilitia saini mkataba wa miaka 30 na makampuni ya nje wa kuendesha reli ya Lobito. Mwaka 2023 Marekani na Umoja wa Ulaya zikatangaza kuunga mkono ushoroba huo. Kwa upande wetu, hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA ilitiwa saini Beijing Septemba 2024, na mkataba wa uwekezaji wa kampuni ya Kichina wa dola bilioni 1.4 ukafuata Septemba 2025.

Tusiwe watu wa kushangilia tu wala wa kupinga tu. Kwa Zambia na Kongo kuwa na milango miwili ni jambo jema. Hilo ndilo walilokosa mwaka 1965. Lakini mkopo wa 1967 ulituachia uendeshaji wa reli, na mkataba wa leo unamkabidhi mwekezaji uendeshaji huo kwa miongo kadhaa. Basi maswali yetu yawe ya vitendo. Je, karakana za Dar es Salaam na Mpika zitafundisha vijana wetu kutengeneza vichwa vya treni, au kufagia sakafu? Je, treni ya kipisi inayobeba mpunga na ndizi za wakulima wa Kilombero itaendelea kusimama katika vituo vidogo, au itasukumwa pembeni ili shaba ipite? Na shaba hiyo, sehemu gani yake itageuzwa waya hapa hapa kabla ya kupanda meli?

Hitimisho

Kizazi cha 1970 kilijibu swali la nani ajenge njia, na kilijibu kwa jasho na kwa uhai. Kizazi chetu kinaulizwa swali gumu zaidi, kwa sababu halina sherehe ya ufunguzi: nani ataitunza njia hiyo kila siku, na kwa manufaa ya nani? Kada anayekwenda kwenye tawi lake au darasani aende na swali hilo, na aende na takwimu za tani na za mabehewa. Reli ya Uhuru haitaheshimiwa kwa jina lake. Itaheshimiwa kwa mzigo wa mkulima uliofika kabla ya mvua.